Ruta Tisa za Jengo Moja

Fundi viatu wa ghorofa ya tatu alizaliwa kiziwi, na binti yake wa pekee alijua kuongea kwa mikono kabla hajaweza kutamka "baba". Binti alipoolewa mbali, kila Jumapili mchana walipigiana simu ya video, simu ya mzee ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la gundi. Na kwa waongeao kwa mikono, picha ikiganda, mazungumzo yamekwisha.

Mwaka huo picha ilizidi kuganda. Jumapili tatu mfululizo binti alianza kusema jambo, akagandia hapo hapo, mkono mmoja tumboni. Mzee roho ikawa juu juu. Akamtumia ujumbe kumuuliza kama anaumwa tumbo. Binti akajibu kwamba haumwi, ila jambo lenyewe si la kuandika. Anataka baba amwone akilisema. Jibu hilo ndilo lililomnyima raha kabisa.

Akamwita fundi wa mtandao, mama mmoja mwembamba mwenye begi la nyaya. Wakawa wanaandikiana kwenye kifuniko cha boksi la viatu. Mama alipima kwa simu yake, akakuta jengo lina ruta tisa za intaneti, zote zinarusha mawimbi ovyo na kuingiliana. Akaandika kwamba ni kama watu tisa wanaopiga kelele chumba kimoja. Mzee akacheka, akaandika kwamba hilo kwake halina shida. Mama naye akacheka, akafuta, akaandika upya: mafundi tisa benchi moja, viwiko vinagongana. Hapo mzee akaelewa.

Chaneli, yaani njia za mawimbi, zisizogusana zilikuwa tatu tu: ya kwanza, ya sita na ya kumi na moja. Ilibidi majirani wakubali kugawana, ruta tatu kila chaneli. Wakapita mlango kwa mlango, na wengi hawakuwa na neno. Mwalimu mstaafu, anayekaa chini ya mzee, ndiye aliyegoma.

"Miaka sita nyundo yake inanigonga kichwani," alimwambia mama. "Leo ruta yangu ndiyo impishe?"

Mama akasita, kisha akayaandika maneno hayo kama yalivyo. Mzee aliyasoma mara mbili. Maisha yake yote hakujua kwamba mlio wa nyundo unapita sakafuni. Alipanda kwake, akakata vipande viwili vya mpira mnene wa soli, akavitandika chini ya chuma chake cha kugongea. Akamwomba mama abaki agonge, yeye akashuka kusimama sebuleni kwa mwalimu, akimtazama usoni.

Mwalimu alisikiliza dari kwa muda. Kisha akatikisa kichwa kwamba hasikii kitu, akachukua kalamu mwenyewe.

"Nisamehe, jirani," aliandika. "Nilinung'unika miaka yote hiyo, na wewe sikukuambia hata siku moja." Ruta yake ikahamia chaneli ya kwanza.

Jumapili iliyofuata mama alipita kuhakikisha kazi yake. Picha ilitulia. Binti akaweka mkono tumboni, kisha akaikunja mikono yote miwili kifuani na kuibembeleza taratibu, huku na huku.

Mzee akaisogelea simu hadi kopo la gundi likayumba. Mikono yake ikauliza ni lini.

Mama hakujua alama hata moja, lakini ile ya binti aliielewa. Aliwageuzia mgongo, akajishughulisha na kukunja nyaya zake, moja baada ya nyingine, bila haraka.