Jirani Asiyesema Mashaallah

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Muuza samaki akinichagulia changu mzuri bila kuombwa, namfunua samaki huyo mashavu na kumnusa mara mbili. Basi jirani mpya alipohamia nyumba ya ubavuni mwangu akitokea mji wa Mkoani, siku ya kwanza tu alisimama uani kumtazama paka wangu, akasema, "Kanona paka yuno! Na uzee wote huo!" Akaishia hapo. Nilingoja aseme Mashaallah ya kukinga kijicho. Hakusema. Alicheka, akaingia zake ndani.

Paka yule kwangu si paka tu. Marehemu mume wangu alimleta kutoka kisiwa cha Fundo ndani ya pakacha, mdogo kama ngumi. Mume wangu amekwenda, mabinti wameolewa Unguja, na tumebaki wawili nyumbani. Akiondoka huyu, hakuna tena kiumbe chini ya paa langu aliyeijua sauti ya mume wangu. Ndiyo maana jicho la mgeni lilinitisha.

Wiki haijaisha, paka akaanza kupiga chafya. Macho yakamtoka machozi, pua ikaziba ute, na nikimwekea samaki anamsogelea, anamtazama, anaondoka. Ushahidi gani tena niutafute? Nilitoa chetezo, nikakoleza makaa, nikatia ubani na kipande cha mvuje, ule utomvu wenye harufu kali ambao kwetu hufukuzia mabaya. Nikafunga madirisha moshi usipotee bure, nikamfukiza paka, kitanda, mapazia na mwenyewe. Nilifanya hivyo asubuhi na alasiri. Paka akinyoosha shingo na kukohoa, mimi nafurahi, nadhani kijicho kinatoka.

Hakikutoka, na paka akaanza kuhama. Kila nikikoleza makaa, yeye hujipenyeza mlangoni, huyoo, kwa jirani. Nikasema, keshamvuta. Anamlisha nini? Akirudi namnusa mdomo. Hanuki samaki wala maziwa, na hilo likanitia hofu zaidi.

Alasiri moja nikachungulia kwenye upenyo wa ua wa makuti. Jirani amekaa barazani kwake, paka kalala pembeni yake. Kamwekea mkono mbavuni, macho yako kwenye saa, midomo inamcheza bila sauti. Leo nimemshika, nikasema. Nikazunguka ua kwa kishindo.

"Wamsomeani paka wangu?"

Akashtuka. "Nimsomee nini mie? Namhesabu pumzi, shoga. Mamangu alikuwa na pumu, nakujua kuhema kwa tumbo. Mtazame mwenyewe. Mpeleke mjini Chake kwa daktari wa mifugo, usingoje."

"Na weye pumzi za paka wangu zakuhusuni?"

Nilimbeba paka nikaondoka. Mtu akinihimiza fanya haraka, mimi hujiuliza yeye ana haraka ya nini. Huenda anataka nitoke aje atie kitu kizingitini mwangu. Nikafunga mlango paka asitoroke, nikafunga madirisha, nikatia mvuje maradufu.

Hapo ndipo paka alipofungua mdomo. Sikuwa nimewahi kumwona paka akihema mdomo wazi namna ile. Alichuchumaa, kanyoosha shingo, viwiko kavitanua, ulimi umeingia ukijivu, na tumbo linapanda na kushuka. Niliogopa hata nikasahau kumshuku mtu. Nikafungua mlango, nikapiga ukelele, na wa kwanza kufika alikuwa jirani. Hakuuliza kitu. Alimtoa paka nje penye upepo, akasimamisha bodaboda, akamlaza kikapuni na kumfunika kanga yangu juu juu.

"Usimbane kifua," akaniambia. "Shika kikapu tu."

Daktari wa mifugo alikuwa kijana, nami nikamshuku kwa ujana wake. Aliniamkia shikamoo huku tayari anatayarisha sindano. Alimdunga paka, akamwacha atulie kwanza, ndipo akamsikiliza kifua.

"Nyumbani nani avuta sigara, bi?"

"Sigara? Kwangu mie?"

"Basi wapikia kuni ndani?"

"Jiko langu li uani."

Akaiokota ile kanga iliyofunika kikapu, akainusa. Halafu akanitazama. Nilitazama sakafu.

Aliniambia kwamba ugonjwa ulianza kwa mafua, na mafua ya paka mzee si ya kuyachezea. Pua ikiziba hasikii harufu ya chakula, na asipoisikia hataki kula. Akipitisha siku nzima bila kula, aletwe. Akihema kwa tumbo au kwa mdomo wazi, aletwe saa ile ile. Moshi ndio uliomfunga kifua. Kisha akauliza kama nimempa dawa yoyote ya watu. Nikasema bado. Kidonge cha homa kilikuwa kimefungwa kwenye pindo la kanga niliyovaa, nimekusudia kumpa nusu yake.

"Ungempa, ungemuua," alisema. "Nani aliona mwanzo kuwa ahema vibaya?"

"Jirani," nikasema, na sauti yangu nikaisikia ndogo.

Paka alipata nafuu taratibu, kwa dawa na siku nyingi. Chetezo nimekipeleka bandani. Lakini paka haingii tena ndani mwangu. Hufika kizingitini, hunusa, hunitazama kama mimi ninavyomtazama muuza samaki, kisha hugeuka. Mapazia, godoro, nywele zangu, vyote vimeshiba moshi. Sasa anayeshukiwa ni mimi, na sina la kujitetea. Nimefua kila kitambaa ninachokimiliki, na kila alasiri naenda kukaa barazani kwa jirani ili nimwone paka wangu mwenyewe. Nilimweleza jirani yote, hata ile habari ya Mashaallah. Alicheka mpaka akapaliwa. Mimi niliona aibu, na bado naiona.

Jana paka alininusa pindo la kanga, akafikiri kidogo, akalala miguuni pangu. Nikamwekea mkono mbavuni, jirani akashika saa, nikahesabu.

"Apumua vizuri," nikasema. "Na kanona tena, mtazame!"

Jirani hakumtazama paka. Alinitazama mimi, akangoja.

"Shoga," akasema, "na Mashaallah yako iko wapi?"