Joto la Laptopu Mwezi wa Shaabani

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeniazima macho mazuri miaka mingi bila kunidai kitu, na aliponipunguzia nuru yake hakunifungia mlango wa kusoma. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, jamaa zake na masahaba zake. Baada ya shukrani hiyo nitaeleza habari ya mashine iliyoninyima utulivu mwezi mzima, mimi ambaye kila Ijumaa nilikuwa nikiwahimiza wenzangu wawe na subira.

Tangu ujana wangu sikuwahi kuacha kukhitimu Qur'ani, yaani kuisoma mpaka mwisho, katika Ramadhani. Sikuwa mtu wa kusomewa wala msikilizaji wa kaseti. Nilisoma kwa macho yangu mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, nikikaa baada ya swala ya alasiri katika chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Kitale. Sura nilizozihifadhi moyoni si nyingi kama watu wanavyodhani wakiona kilemba. Sehemu kubwa naihitaji mbele yangu.

Basi miaka ya elfu mbili ilipokuwa ikielekea kumaliza kumi lake la kwanza, herufi zilianza kunikimbia. Nukta za juu na nukta za chini zikawa vumbi moja. Daktari wa macho upande wa Lugulu alinibadilishia miwani, akabadilisha tena, kisha akaniambia kwa upole kwamba miwani imefika mwisho wa uwezo wake. Kilichobaki, alisema, ni kutafuta maandishi makubwa. Niliujaribu msahafu mkubwa kuliko yote iliyokuwa msikitini. Sikumaliza ukurasa wa pili, kichwa kikawa kinagonga.

Mwalimu mmoja wa sekondari anayeswali nasi ndiye aliyenionyesha njia. Alinikalisha mbele ya kompyuta yake, akatia sidii yenye msahafu, akabonyeza, na aya moja ikajaza kioo kizima. Niliona hata sukuni, ile alama ndogo ya duara juu ya herufi. Nilirudi nyumbani nikatembea uani huku na huku, mke wangu akaniuliza kama kuna msiba.

Nikanunua laptopu. Niliinunua Bungoma, kwa mama mmoja mwenye duka la vifaa vya umeme karibu na stendi, kwa kuwa Kitale sikupata ya uwezo wangu. Ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote kwenye rafu, nzito, ya rangi ya kijivu, na jina la kampuni yake hata yeye mwenyewe hakujua kulitamka. Nyingine pale sikuziweza. Mama yule alinifungulia, akaniwekea ule msahafu wa sidii niliyoazimwa na mwalimu, akanionyesha namna ya kukuza herufi, kisha akasema:

"Mzee, ikikusumbua, irudishe kabla mwezi uishe, nitakurudishia pesa yako bila maneno. Mwezi ikiisha, hiyo sasa ni ya wewe na Mungu."

Ulikuwa mwezi wa Shaabani. Mwisho wa mwezi wake na mwandamo wa Ramadhani yangu vilikuwa vinakaribiana sana mwaka ule, kwa hiyo muda wa kuamua ulikuwa huo huo, mfupi.

Nyumbani mke wangu aliipokea kwa heshima iliyonigusa. Aliponiona nimeifungua na maneno ya Mola yanang'aa ndani yake, alitoka, akaenda sandukuni, akatoa kitambaa cha mahameli ya kijani kilichobaki alipomshonea binti yetu nguo ya harusi. Siku iliyofuata kulikuwa na mto tayari, mnene, umejazwa sufi, umezungushwa uzi wa dhahabu pembeni. Akaniambia, "Maalim, kitu chenye Qur'ani ndani hakikai juu ya mbao tupu." Na juu ya mto akatandaza kile kijizulia changu kidogo cha kuswalia safarini. Nami nikawa natia udhu kwanza, ndipo naiweka hapo, ndipo naifungua.

Ikaanza kuchemka.

Mara ya kwanza nilidhani ni mkono wangu. Baridi ya Kitale mwezi ule wa mvua anaijua mtu anayeishi hapa. Chochote chenye uvuguvugu kinakufurahisha. Paka wetu alifurahi kuliko mimi, akawa hatoki ubavuni mwa laptopu. Lakini siku ile nilipoingia katika Suratul Baqara, feni yake ndogo ikaanza kulia kama cherehani inayokimbizwa, sauti ikapanda, ikapanda, na katikati ya aya kioo kikazimika. Giza. Nikabaki na mdomo wazi, nusu ya neno kinywani.

Niliiacha ikapoa, nikaiwasha tena. Nikapata kurasa chache, ikazimika. Niliigusa chini kwa mgongo wa mkono, kama unavyompima mtoto homa, nikaurudisha mkono haraka.

Tangu hapo sikutulia. Nilikuwa nasoma aya moja, naingiza vidole chini ya mashine. Nasoma nyingine, nainamisha sikio nisikie feni. Nikisikia imepandisha sauti naizima mwenyewe kabla haijajizima, kisha nasimama, naenda mlangoni, naangalia mvua, narudi, nagusa, bado ya moto, naenda tena. Huko hakukuwa kusoma. Hata msikitini, mwili ulikuwa umesimama safuni na mawazo yalikuwa chini ya ile laptopu. Nilimwomba Mungu msamaha kwa swala zile, na katikati ya kuomba nikajikuta nahesabu: nikienda kwa mwendo huu, Ramadhani itakwisha sijafika hata nusu.

Jirani yetu alikuja siku moja kuniletea mahindi mabichi ya kuchoma. Ni mzee wa kutoka mkoa wa kati, mkulima, Mkristo wa kanisa lake kila Jumapili, aliyehamia Trans-Nzoia kitambo na kuishi nasi ukuta kwa ukuta. Alinikuta nimeifunga mashine nimeiwekea mkono juu.

"Mwalimu, unaiombea?"

"Nangoja ipoe."

Akaja akaingiza mkono wake mkubwa chini, kama anavyoingiza mkono ndani ya gunia kupima. Akatikisa kichwa. "Hii imeshika joto kama mahindi ilifungwa bado mbichi. Iko na maji ndani, nakuambia. Si uianike kidogo kwa jua?"

"Jua gani, na mvua hii?"

"Likitokea."

Lilitokea asubuhi moja, na nakiri nilifika mpaka mlangoni nimeikumbatia. Mke wangu akanisimamisha. "Maalim, utaianika kama muhogo? Wapita njia watasema nini?" Nikarudi ndani.

Siku za mwezi zilikuwa zinakwisha. Nikaamua. Kama haiwezi kazi ya kila siku, bora niirudishe kwa mwenyewe kuliko kuingia Ramadhani na kitu cha kunizimikia. Lakini uamuzi huo nao haukunipa raha, maana nilijua baada ya kuirudisha ningebaki na nini. Ningekaa pembeni, na vijana ninaowafundisha chuo cha Qur'ani wangenisomea kwa zamu. Wangefanya kwa mapenzi. Hata hivyo, nilikuwa nimesoma kwa macho yangu mwenyewe maisha yangu yote, na sikuwa tayari.

Nilikwenda Bungoma Jumanne. Laptopu niliiweka ndani ya kapu, imefungwa na mto wake na kizulia chake, kama mgonjwa na matandiko yake. Mama wa duka alinipokea vizuri, akanisukumia kiti.

"Karibu Baba. Sasa mashine imekukosea nini?"

"Inaungua. Inazimika katikati ya kusoma. Nimekuja kuirudisha."

Hakubisha. Aliifungua juu ya kaunta yake ya kioo, akaichomeka kwenye umeme, akaanza kufungua hiki na kile ili aichoshe. Nikakaa. Wateja waliingia, walitoka, wengine walinunua betri za tochi, mmoja alitaka chaja ya simu akaanza kupunguza bei kwa kelele. Mimi kila wakati nanyanyuka nagusa. Vuguvugu. Nagusa tena. Vuguvugu. Feni inanong'ona tu. Nilianza kuona aibu, kama mgonjwa anayefika kwa daktari maumivu yakamwacha mlangoni.

"Lakini Baba, si iko sawa?"

"Nyumbani haiwi hivi."

"Nyumbani unaifanyia nini mbaya?"

"Naisomea Qur'ani tu."

Akacheka. "Basi hapo sijui. Hebu isomee kidogo vile wewe husoma, nione."

Nikaomba maji, nikatia udhu nyuma ya duka. Niliporudi nikafanya kama nilivyozoea, bila kufikiri: nikatoa mto kapuni, nikautandaza juu ya kaunta, juu yake kizulia, nikainyanyua laptopu nikaiweka taratibu, ikazama. Mama yule alikuwa anafunga kifurushi cha mteja. Akageuka, akaacha kufunga.

"Ati nini hiyo, bana?"

"Ni mahali pake. Kwa sababu ya kilicho ndani."

Alisogea, akapapasa mahameli, akaugusa uzi wa dhahabu kwa kidole. Sikuona dharau usoni mwake. Kisha akaigeuza laptopu kichwa chini, akanionyesha. Chini kulikuwa na matundu madogo kwa safu, kama ya chujio. Nilikuwa nimeyagusa mara nyingi, nayo yaliniunguza, wala sikuwahi kuuliza kazi yake.

"Hapa ndio inavuta pumzi, Baba. Sasa wewe umeivalisha sweta, ukaifunga shingoni, halafu unauliza mbona inatoka jasho."

Mteja akacheka mpaka akashika mlango. Nami nilicheka, naapa nilicheka, ingawa masikio yalikuwa ya moto kuliko ile mashine. Tuliiacha juu ya mto nikasoma, na haikuchukua muda feni ikaanza kupiga kelele zake za Kitale. Mama akauvuta mto. Kelele zikashuka polepole, kama mtoto aliyebembelezwa.

"Hii ni ya bei rahisi, sitakudanganya," aliniambia. "Itakuwa na joto tu. Ile ya kushika mkono, si ya kuunguza. Ukiipatia hewa chini, itakufanyia kazi kila siku. Unairudisha ama unaenda nayo?"

Nilikwenda nayo.

Njia nzima furaha yangu ilikuwa na mwiba ndani, kwa kuwa nilikuwa sijui nitamwambia nini mke wangu. Nilimwambia kama ilivyo. Alisikiliza akiwa amesimama, kitambaa cha jikoni mkononi.

"Kwa hiyo muda wote huu ni mimi nilikuwa naipika?"

"Tuliipika wote. Mto ulikuwa wako, na kizulia changu."

Hakucheka. Akauliza, "Na sasa utaiweka wapi? Juu ya meza hii tunayonywea chai? Na makombo ya mandazi?"

Swali lake lilikuwa la haki, nami nimesomeshwa kutolipuuza swali la namna hiyo. Nilikaa nalo mpaka magharibi. Nilimwambia ninavyoona mimi: mashine ikiwa imezimwa hakuna herufi ndani yake ya kuguswa wala kufutwa, ipo kama kifua cha mtu aliyehifadhi, naye mwenye kuhifadhi hukaa juu ya mkeka, juu ya jiwe, popote. Ikiwashwa na aya zikaonekana, hapo tuinyanyue na tuisafishie mahali. Heshima si lazima iwe laini. Alifikiri, akakubali nusu.

Tulijaribu marufaa, ile ya mbao ya kukunja tunayowekea msahafu. Laptopu ikateleza, nikaidaka tumboni. Jirani alisikia kelele akaja, tukamweleza habari ya matundu na hewa. Akajipiga paja.

"Kumbe ni pumzi! Hata mahindi yangu siwezi kuweka gunia kwa sakafu. Inalala juu ya mbao, upepo unapita chini. Ngoja."

Alikwenda ghalani kwake, akarudi na vipande vya mbao na nyundo. Akapigilia pale pale barazani: miguu minne mifupi, juu vijibao vyembamba vilivyoachana, upana wa kidole katikati. Mke wangu alikisugua kile kimeza kwa maji na sabuni mara mbili, akakikausha, akakipaka mafuta ya nazi mpaka kikanukia, kisha akakipandisha mwenyewe juu ya meza ya chumba cha mbele. Meza ya chai ikahamia jikoni. Jirani akaona juhudi zote hizo, akasema, "Mama, kwa ile ya mahindi yangu huwa nafagia panya tu," na mke wangu hatimaye akacheka.

Mwezi uliandama mawingu yakiwa yametanda. Tulipata habari kwa redio. Kesho yake baada ya alasiri nikatia udhu, nikakaa, nikawasha. Nilisoma Fatiha, nikaingia Alif Lam Mim na roho bado inaruka. Mkono wangu ulikuwa umezoea, ukawa unateremka wenyewe kwenda chini ya vijibao kila baada ya aya. Joto lilikuwepo. Lilikuwa joto la kazi, kama la kikombe kilichomiminwa chai muda kidogo uliopita. Siku ya pili mkono ulishuka mara chache zaidi. Ilifika siku nikasoma juzuu nzima, nikafunga, na nilipokuwa nakung'uta kanzu ndipo nikakumbuka kwamba sikuigusa hata mara moja.

Umeme ulipokatika nilisoma kwa betri, ambayo haikuwa na nguvu nyingi, nikaharakisha kuliko inavyopasa. Siku nyingine niliumwa kichwa. Mwanzoni nilikuwa nyuma, nikalipa deni langu la kurasa katika zile siku za mwisho za mwezi, nikisoma baada ya alfajiri vilevile. Sisemi kwamba wasiwasi uliniacha kabisa. Mpaka nilipoifikia Suratu Nnas nilikuwa nikisikiliza feni kwa sikio moja.

Lakini niliifikia. Mke wangu aliingia akakaa mkekani kwa ajili ya dua ya khitma, mikono imefunguliwa mapajani. Herufi zilikuwa kubwa, nyeusi, zimetulia. Nilisoma aya ya mwisho kwa macho yangu haya mabovu, mwenyewe, nikaomba dua, na yeye akaitikia amina.

Nawe unayesoma maneno haya, popote ulipokaa, Mungu akuhifadhie nuru ya macho yako, na ikipungua akufungulie njia nyingine ya kuona. Akutulize moyo unapohangaika, akupe majirani wema na watu wa nyumbani wanaoheshimu unachokiheshimu, na kila ulichoanza kwa ajili yake akujaalie ukikamilishe. Amin.