Waya Kwenye Migomba ya Mama

Mama alinipigia simu kutoka Murusagamba akaniambia kuna wageni wametandaza waya kuzunguka shamba lake, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewaruhusu, bure. Mimi nikisikia neno bure, nashika mkoba wangu vizuri. Shamba lile ndilo lililotulea, na ndilo linalomlisha mama hadi leo. Asubuhi nilifunga kibanda changu cha ushonaji hapa Biharamulo, nikaondoka.

Ndani ya Hiace ya kwenda Ngara sikufumba jicho. Nilikuwa napanga maneno. Watu wa namna hiyo nawajua! Leo waya, kesho katapila.

Ngara mjini nilipanda pikipiki. Dereva akaniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia aangalie barabara.

Murusagamba nilifika mchana, mgongo wote unauma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umevimba hivyo? Keti ule kwanza."

Sikuketi. Waya mnene ulilazwa chini, duara kubwa lililopita kwenye maharage na migomba. Pembeni alisimama mtaalamu wao, mwanamke wa makamo aliyevaa buti, na majirani wamejaa wanatazama.

"Mnatafuta madini nyie," nikamwambia.

"Hapana, dada. Tunatafuta maji."

Akaeleza kwamba kuna mpango wa kufungia ndani ya miamba ya huku hewa ya ukaa, ile inayotoka viwandani. Kabla ya hapo lazima wajue maji ya chini yako wapi, hewa isije ikayaharibu. Umeme ukipita kwenye waya unayatikisa maji kwa nguvu ya sumaku, nayo maji yanajibu, mashine inasikia.

"Maji yanajibu! Makubwa haya! Na simu zetu mmezizimisha kwa nini?"

"Jibu lake ni hafifu mno. Simu zinalivuruga."

Mama akanivuta kitenge. "Unanitia aibu, mwanangu."

Jioni wakaanza kukunja waya. Hilo nalo likanitia shaka.

"Mbona mnaondoka? Mmepata nini?"

Yule mtaalamu akamtazama mama, kisha majirani. "Tuongee pembeni, dada."

"Pembeni ya nini? Sema hapa hapa, watu wote wasikie!"

Akashusha pumzi. "Mashine haikusikia kitu. Chini kuna miamba yenye chuma, ina sumaku yake yenyewe. Hapa hapatufai."

Nikapiga vigelegele peke yangu. Jirani mmoja akauliza, "Chuma? Upande gani?"

Kesho yake nilianza safari ya kurudi kwa pikipiki, moyo mweupe. Kabla ya kufika Ngara tulipishana na pikipiki mbili zilizobeba watu wenye sururu. Wakasimama, wakamuuliza dereva wangu kwa yule bibi mwenye miamba ya chuma ni njia ipi. Nikampigia mama haraka, asimruhusu mtu yeyote.

"Wengine wameshafika," akasema. "Wale wa waya waliniomba. Hawa wameingia tu, wanang'oa migomba."

Nikamwambia dereva ageuze. Nilichojifunza ni hiki: maswali mengine huulizwa pembeni.