Mchuzi Uliorudi Sufuriani

Watu walimwita Bwana Afya ingawa alikuwa mwanamke, tena mwenye wajukuu wawili. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa mkaguzi wa vyakula wa halmashauri. Kazi yake ilikuwa kuingia jikoni mwa watu bila taarifa, kumulika tochi chini ya majokofu na kunusa vitambaa vya kufutia sahani. Akichomoza mwanzo wa mtaa tu, wauza vyakula walipigiana simu na vibanda vikafungwa kana kwamba pana msiba. Hakujali. Aliwahi kushinda wodini na watu wa harusi nzima walioharishwa na mchuzi wa jana, bwana harusi mwenyewe akiwa na dripu mkononi. Tangu siku hiyo hakuwepo wa kumbembeleza.

Alipopata likizo ndefu, alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani kwenda kumtembelea mdogo wake wa kiume, kitindamimba wao, aliyekuwa ng'ambo mwaka wa tisa. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea huyu mtoto, akamwogesha, akamfunga kamba za viatu, akamsomesha. Lugha ya huko hakuijua hata salamu, kwa hiyo kila walipokwenda mdogo wake ndiye aliyemsemea.

Jumamosi mchana mdogo wake akampeleka kwenye mgahawa wa mtaani kwake.

"Dada, hapa ni kama nyumbani kwangu," alimwambia. "Ukitaka kujua ninavyoishi huku, kula hapa."

Foleni ilikuwa imekata kona. Lakini mwenye mgahawa, pande la mtu aliyefunga aproni hadi miguuni, alipomwona mdogo wa Bwana Afya alimkumbatia, akawapitisha mbele ya wote na kuwakalisha meza inayotazamana na dirisha la jikoni. Akamshika Bwana Afya mikono yote miwili, akamwaga maneno.

"Anasema dada yangu ni dada yake," mdogo wake alitafsiri huku akitabasamu hadi masikioni.

Kila meza ilipewa kapu la mkate wa moto na bakuli la mchuzi mzito wa kuchovya. Bwana Afya alimeza kipande cha kwanza, akakisifu kimoyomoyo. Cha pili kilikuwa njiani kuelekea mdomoni pale macho yake yalipoangukia dirishani.

Kwenye meza ya jirani walikuwa wameondoka watu wanne na mtoto mdogo. Bakuli lao lilibaki nusu, na katika nusu hiyo yule mtoto alikuwa amezamisha vidole vyote vitano na kuvilamba, kisha akavizamisha tena. Mhudumu alilipitisha dirishani. Mpishi akalipokea, akamimina mchuzi kwenye sufuria kubwa lililokuwa jikoni chini ya dirisha, akakoroga, kisha akapakua bakuli jipya kwa ajili ya meza nyingine. Vipande vya mkate vilivyosalia vikakung'utwa, vikarudi kapuni.

Alidhani macho yake yamechoka kwa safari. Akasubiri. Meza ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile.

Akaweka mkate chini. "Mwite mwenye mgahawa."

"Kuna nini, Dada?"

"Mwite."

Yule bwana alikuja akifuta mikono. Bwana Afya akanyoosha kidole dirishani, akasema kwa sauti ya kazini. Alieleza kuhusu sufuria, vidole vya mtoto, mate ya watu wasiojuana, na wagonjwa aliowaona kwa macho yake. Alipomaliza, mdogo wake alikohoa, akasema maneno mawili matatu. Mwenye mgahawa akacheka, akaweka mkono kifuani, na dakika moja baadaye wakaletewa bakuli jingine la mchuzi lililojaa pomoni.

Bwana Afya alimgeukia mdogo wake taratibu.

"Mimi nimesema dakika nzima. Wewe umemwambia nini?"

"Dada, tafadhali..."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia... umeupenda mchuzi."

Damu ilimchemka. Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Alichukua lile bakuli, akatumbukiza vidole vyake vyote vitano ndani mbele ya watu, akavilamba, akavitumbukiza tena. Kisha akaenda hadi dirishani, akalielekeza bakuli juu ya sufuria kama anayetaka kumimina, na kumtazama mwenye mgahawa usoni. Haikuhitaji mkalimani. Mpishi aliinamisha kichwa. Mwenye mgahawa akawa mwekundu hadi shingoni, akaanza kufoka. Mama mmoja kwenye meza ya kona alisukuma sahani yake mbali. Wengine wote walitazama kidogo, kisha wakaendelea kuchovya.

"Hata nyie!" alisema kwa Kiswahili, akiwaambia watu ambao hawakumwelewa. "Hata nyie!"

Nje, mdogo wake alimkimbilia. "Umeniaibisha! Yule mtu alinipokea nikiwa sina hata blanketi. Alinipa kazi humo humo!"

"Kazi gani?"

Akatazama viatu vyake.

"Kazi gani, wewe?"

"Jikoni. Miaka miwili. Nilikuwa nakusanya mabakuli, Dada. Ndivyo nilivyofundishwa."

Hasira aliyokuwa nayo kwa mwenye mgahawa ilikuwa mchezo mbele ya hii. Mkono aliouosha yeye mwenyewe kwa sabuni kabla ya kila mlo alipokuwa akimlea, mkono huo huo! "Na leo ukanipeleka mimi nikale," alisema. Hakuongeza neno hadi Jumatatu.

Jumatatu asubuhi alivaa gauni lake la ofisini na kumwamuru ampeleke kwenye ofisi ya afya ya mji. Kaunta ilikuwa na kioo, na nyuma yake binti aliyeandika bila kuinua uso. Bwana Afya alisema, mdogo wake akatafsiri, na safari hii dada mtu alimhesabia kila sentensi. Kisha binti akauliza swali.

"Anauliza tumejuaje kwamba ni desturi yao ya siku zote."

"Basi mjibu. Jibu ni lako, si langu."

Mdogo wake akasema jambo fupi kwa sauti ya chini. Binti aliacha kuandika, akainua uso na kumkazia macho.

Hapo Bwana Afya alijua kwamba mdogo wake amejitaja mwenyewe.

Hakuwahi kuambiwa mgahawa ulifanywa nini. Siku tatu baadaye walipopita, foleni ilikuwa pale pale, imekata kona, na mwenye mgahawa alimtazama mdogo wa Bwana Afya kama mtu asiyemjua. Mdogo wake akainamisha uso. Bwana Afya hakumpa pole. Alimshika mkono tu wakavuka barabara, akiwa bado na hasira nao wote wawili, mwenye mgahawa na mdogo wake.