Njia Mbili Kishushe

Nilipokuwa naandika tasnifu yangu ya hesabu, mjomba wangu alipoteza mtamba wa ng'ombe huko Kishushe, nami nikaenda kumsaidia kumtafuta. Njiani aliniuliza ninasomea nini hasa. Nikamwambia ninachunguza nafasi zisizo na mwisho, zilizopinda kama tandiko la punda, na ule mpaka tunaoufikiria huko kusikoisha.

"Na nani amewahi kuufikia?"

"Hakuna, mjomba. Tunaujua kwa njia zinazouelekea. Njia mbili zikienda milele bila kuachana sana, tunasema zimefika mahali pamoja. Zikizidi kuachana, kila moja ina mwisho wake."

"Hesabu hiyo haina huruma," akasema.

Tulipofika mgongo wa kilima asubuhi hiyo tuligawana njia, yeye kushoto, mimi kulia, kila mtu aende moja kwa moja akipiga mluzi. Ardhi ilishuka pande zote mbili, na mluzi wake ukafifia upesi kuliko nilivyotarajia. Haukupita muda nikakuta mavi ya ndovu, bado yanatoa mvuke. Nikaacha kupiga mluzi, nikarudi polepole hadi tulipoachana, nikangoja.

Mjomba alitokea jua likiwa utosini, shati limeraruliwa na miiba.

"Mbona ulikwenda mbali hivyo?" akauliza. "Nimefuata mluzi wako mpaka korongoni."

Nikamwambia nilikuwa nimenyamaza tangu asubuhi. Aligeuka akatazama alikotoka, akanishika mkono, tukaondoka bila mtamba.