Sahibu Aliyeogopa Akakaa

Nakumbuka asubuhi ile ya kaa, mwanangu, mpaka leo. Nimesikia umepewa watoto wadogo wa chuo cha Kurani, na kwamba Jumamosi utawasimulia kisa cha pango ili wajue urafiki wa kweli ni upi. Basi kabla hujawakalisha mkekani, nisikilize mimi niliyewahi kukisimulia vibaya.

Wajua wazazi wangu walifariki mapema, na mimi ndiye mkubwa wa watoto wanne. Niliacha shule darasa la tano, nikawalea wadogo zangu hapa hapa Mbwajumali. Vitabu sikuwa navyo. Nilikuwa na visa nilivyovisikia kwa Bi Zena, mwalimu wetu wa Kurani, na cha pango ndicho walichokipenda. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amejificha pangoni na sahibu yake, na maadui wanawasaka. Mimi nilikuwa fundi wa buibui. Nilikuwa nikionyesha kwa vidole anavyotanda uzi mlangoni mwa pango, ili maadui wadhani hakuna aliyeingia, na wadogo zangu wakipiga makofi. Mara moja Athmani, kitinda mimba wetu, akaniuliza, "Na yule sahibu, yeye alifanya nini?"

"Alikaa tu," nikamjibu, nikarudi kwa buibui wangu.

Haukupita muda, maji yakiwa yamekupwa, nilitoka na rafiki yangu Maimuna kwenda mikandaani, kule kwenye mikoko, kutafuta kaa. Tulikuwa wasichana wa miaka kumi na minne hivi. Maimuna alikuwa na mdomo, njia nzima ni kunitania.

"Bi Mkubwa, ukiolewa utakwenda na hao watoto wako watatu?"

"Nitakwenda nao. Na wewe utakuja kuwaogesha."

"Mimi? Nitakuja kula pilau tu."

Kwetu hapa hakuna aendaye mikandaani peke yake, nawe wajua kwa nini. Kaa wa matopeni huvutwa kwa fimbo yenye kulabu. Mkono ukiingia tunduni naye akaubana, ukivuta ndipo anapozidi kubana. Dawa ni kulegeza mkono na kutulia, mpaka aachie mwenyewe. Lakini nani atatulia peke yake na kidole chake kinasagwa? Ndiyo maana mnakwenda wawili. Kazi ya mwenzako ni kukaa kando yako, akushike, akusemeshe mpaka moyo utue. Tulilijua hilo tangu utotoni.

Fimbo ya Maimuna ilikatika. Kwa ubishi wake akalala kifudifudi, akatia mkono tunduni mpaka begani. Sikuwahi kusikia ukelele kama ule. Nikamshika kiunoni nikamvuta, akapiga ukelele mwingine. Nilijua ninakosea, na bado nilivuta. Hapo nikaona kijito chembamba cha maji kinapita kati ya mizizi, kinakuja kwetu. Maji yalikuwa yameanza kujaa, na shavu la Maimuna liko juu ya tope.

Mwanangu, hofu iliniingia mpaka kwenye meno. Niliwaza, nikifa hapa, wadogo zangu nitamwachia nani? Nikasema, "Naenda kuita watu!" Nikakimbia. Nyuma yangu aliita jina langu, jina langu hasa, si Bi Mkubwa. Sikugeuka.

Pale mikandaa inapokwisha nikakutana na Bi Zena akitoka shamba na kikapu chake. Aliyaangalia matope yangu. "Maimuna yuko wapi?"

Nikamwambia. Akatupa kikapu, akanishika mkono, akanirudisha kule kule nilikokukimbia. Kila hatua maji yalikuwa mengi zaidi, na kila hatua nilitamani kuuponyoa mkono wangu. Tulipofika, Maimuna alikuwa ameinua kidevu, maji yanamgusa mdomo, anavuta, analia, anavuta.

Bi Zena hakumvuta. Alilala ndani ya tope lile na nguo zake zote, akaweka kiganja chini ya shavu la Maimuna, akaliinua juu ya maji. "Niko, mama. Siendi popote. Legeza mkono. Soma na mimi." Wakasoma Kurani, Maimuna akikatizwa na maji na kilio. Mimi nilisimama natetemeka, mpaka Bi Zena akasema bila kuniangalia, "Shika kichwa chake na wewe." Nikapiga magoti, nikakishika. Sijui ilikuwa muda gani. Maji yaliingia masikioni mwake. Kisha bega lake likalegea, na mkono ukatoka, kidole kimoja kimevunjika. Mpaka leo kimepinda. Umekiona akikanda unga.

Njiani Bi Zena aliniambia neno moja tu. "Umekwenda kuita watu. Kwani wewe si mtu?"

Zilipita siku nyingi. Ndipo Maimuna akaniambia: "Maji sikuyaogopa sana. Niliogopa niliposikia miguu yako inakwenda."

Siku ile ndipo nilipokielewa kisa nilichokuwa nikikisimulia. Kule pangoni sahibu aliiona miguu ya maadui juu ya kichwa chake. Aliogopa, mwanangu, na hofu yake kubwa ilikuwa juu ya mwenzake. Mtume akamtuliza, akamwambia asihuzunike, Mwenyezi Mungu yu pamoja nao. Hakulaumiwa kwa kuogopa. Nami nilikuwa nimemwambia Athmani kwamba alikaa tu, kana kwamba kukaa ni jambo dogo.

Kwa hiyo Jumamosi waonyeshe buibui, watafurahi, lakini usiishie kwake. Waambie yule sahibu aliogopa. Usiwaambie rafiki mwema haogopi, maana siku wakitetemeka watajiona si marafiki tena, nao watakimbia kama nilivyokimbia. Waambie wakae hali wanatetemeka. Na mtoto akikuuliza sahibu alifanya nini, usimjibu haraka.

Mimi bado naogopa. Kila maji yakijaa huusikia ukelele ule, na Maimuna akinipigia simu, huipokea kabla haijalia mara ya pili.

Mola akulinde, mwanangu, wewe na watoto wako wa chuo. Akujaalie sahibu ambaye siku ya hofu hutaisikia miguu yake ikiondoka, na wewe usiwe miguu hiyo kwa mtu. Amin.