Jicho la Chongo

Tangu asubuhi kiti kilikuwa kinamchoma Mama Mkasi. Akae, ainuke, afungue dirisha la chumba cha nyuma, alifunge, akae tena. Kwenye kompyuta mbwa wa kahawia alikuwa akisubiri kufutwa mate, na nyuma yake foleni ya mbwa kumi na mmoja, kasuku wawili na sungura mmoja mwenye maringo. Wote walimsubiri yeye, na yeye alikuwa akisubiri saa nne, mteja wa jana aje kuchukua picha yake.

Jana shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alisimama mlangoni akichezesha funguo kidoleni. "Shemeji, picha mbili zimerudishwa mwezi huu," alisema bila kumtazama. "Ikirudi ya tatu, na wewe rudi kwako ukapumzike. Siku hizi kuna programu inafanya yote haya yenyewe, na haiombi ruhusa ya kwenda hospitali."

Kisha akatupa juu ya meza bahasha ya mteja na karatasi yake, akaenda zake.

Msikilizaji asiyejua angedhani studio ni ya huyo mwenye funguo. Studio ile aliianzisha Mama Mkasi na mumewe, mume akishika kamera, mke akishika mkasi, ndipo jina likamganda. Watu walipoanza kujipiga picha wenyewe kwa simu, ni yeye aliyesema, "Mbwa hawezi kujipiga. Tuwapige wao." Wakaishi vizuri kwa wanyama wa watu. Mume akafa. Udongo wa kaburi haujakauka, mdogo mtu akaja na karatasi. "Ni za leseni tu, shemeji. Weka dole gumba hapa, na hapa." Akaweka. Karatasi ikaondoka na studio, yeye akabaki na wino kidoleni. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kikimla huku kikimwita shemeji.

Shule hakwenda, ila kompyuta aliijua kwa sura. Kijimkasi kilikata picha, kikaondoa mikono ya wenyewe iliyomshika mnyama atulie. Kijimuhuri kilichota manyoya mahali pazuri na kuyabandika palipo na kovu au mnyororo. Kipanya kikimkwama, hukiambia, "Paka wote hawa wanakutazama, na bado una kiburi!" Maandishi tu ndiyo yaliyomshinda, kwa hiyo kila karatasi ya mteja ilikuwa lazima isomwe kwa sauti. Shemeji alilijua hilo. Jana hakusoma.

Katika bahasha ile mlikuwa na kadi ya kamera, na ndani yake paka wa kijivu, jicho la kushoto limefumba. Paka huwa wanafumba, taa ya kamera inawakera, na dawa yake Mama Mkasi aliifanya mara mia: unalichukua jicho zima, unaligeuza, unalibandika upande wa pili, unahamisha kinuru, ile nukta ya mwanga jichoni, ili macho yote yameremete kwa upande mmoja. Kichwa kikiwa kimejaa maneno ya mlangoni, mikono ilifanya kazi peke yake. Akahifadhi, picha ikachapwa, ikatiwa fremu, ikapelekwa mbele.

Leo asubuhi alivuta droo. Humo mlikuwa na vipande vya mazoea ya zamani aliyoachiwa na marehemu: kabla ya kugusa picha yoyote, anachapa kwanza kipande kidogo cha uso wa mnyama, ukubwa wa kiberiti, jinsi ulivyo. "Mjue kwanza alivyo, ndipo umpambe," marehemu alikuwa akisema. Shemeji aliviita takataka. Basi kipande cha paka wa kijivu kilikuwa juu kabisa, na kwa mwanga wa dirishani Mama Mkasi akaona. Lile halikuwa jicho lililofumba. Ngozi ilishikana zamani, mshono mmoja, manyoya yameota juu yake.

Picha ya awali haikuwapo tena, aliihifadhi mpya juu yake. Na kadi ile shemeji aliifuta jana jioni. Akakilaza kipande kwenye skana. Kikaingia kombo. Akaanza upya. Ndipo akasikia mlango wa mbele.

"Nimekuja kumchukua bwana wangu," ilisema sauti ya mwanamke mzee. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwenye fimbo na kofia ya uzi.

"Karibu, Mwalimu. Ametoka kama bwana harusi!" shemeji alisema.

Karatasi ya kufungia ikakwaruza. Mama Mkasi akasogea hadi kwenye pazia. Mwalimu alikuwa ameinamia fremu. Taratibu akaweka dole gumba juu ya kioo, akalifunika jicho la kushoto.

"Sasa ndiye," alisema. Akaliondoa dole. "Na huyu ni nani?"

Shemeji aligeuka papo hapo. "Wewe mama! Hebu njoo! Hukusoma karatasi? Imeandikwa hapa, herufi kubwa: jina la paka, Chongo! Mtu mzima unampa Chongo macho mawili?"

Mama Mkasi alitoka na kipande chake mkononi. Mbele ya mteja hakuwa ametoka kwa miaka sita. "Nimekosea mimi, Mwalimu. Nilidhani amefumba."

"Na picha ya mwanzo haipo," shemeji akadakia. "Ndiyo hasara ya kufuga watu kwa huruma."

Mwalimu aliinua kichwa. Alimtazama mwanamke, akaitazama karatasi, akamtazama mwenye funguo. Miaka arobaini ya darasani ilimtosha kujua nani hajui kusoma na nani hakutaka kumsomea.

"Ulimsomea?" aliuliza.

"Mimi? Kazi ni yake..."

"Nimekuuliza swali dogo, mwanangu. Ulimsomea?"

Shemeji akapanga upya kalamu zilizokuwa zimepangika.

"Ninaye alivyokuwa," Mama Mkasi alisema, akamnyooshea kile kipande. Mwalimu akakipokea kwa viganja viwili.

"Mwenyewe! Wanasema akipenda, chongo huita kengeza. Mimi nilimpenda nikamwita Chongo hivyo hivyo. Amekufa juzi, unajua? Nitakaa nawe nyuma humo mpaka arudi."

Akakaa. Mama Mkasi akakipitisha kipande kwenye skana, akauchota ule mshono, akaukuza, akaupandisha juu ya jicho la uongo, nywele kwa nywele, Mwalimu akinyoosha kidole: "Hapo paliingia ndani kidogo. Hapo, mwanangu. Basi." Saa sita na robo Chongo alitoka na jicho moja, akaondoka kwapani mwa mwenyewe.

Shemeji alisimama mlangoni, funguo zimetulia. "Haya, ile haikurudi, imerekebishwa hapa hapa," alisema. "Endelea na mbwa. Na hivyo vipande, kumbe vina kazi. Viache hapo hapo."

"Sawa, shemeji."

Aliendelea na mbwa, akamfuta mate. Jioni alivuta droo, akaimimina yote ndani ya mkoba wake, mpaka kipande cha mwisho, akairudisha tupu. Kesho angekuja kazini kama kawaida. Vipande vingekaa nyumbani kwake, na shemeji akivihitaji angemwomba yeye. Njiani alitembea haraka, mkoba kifuani, akigeuka nyuma kila hatua chache.